"Rekodi ya jinai" kwa Kijapani: zenka au zenreki?

Swali (Mtwara): Wakuu, nafasiri fomu ya kibali cha ukaazi Japani. "Rekodi ya jinai" ni zenka (前科) au zenreki (前歴)?

Jibu: Usichanganye, mkuu. Zenka ni kutiwa hatiani, hata ikiwa adhabu ni faini tu (bakkin, 罰金). Zenreki ni kuchunguzwa au kukamatwa (taiho, 逮捕) bila kutiwa hatiani. Ukimwandikia zenka mtu aliyeachiwa, umemfunga kwa kalamu.

Jibu: Halafu fomu yenyewe haitaji zenka. Inauliza 犯罪を理由とする処分, yaani adhabu kwa sababu ya kosa, hata nje ya Japani. Soma maandishi madogo: makosa ya barabarani yamo. Faini ya trafiki ya Lindi inahesabika! Zungushia 有 (ipo), siyo 無 (hakuna).

Swali: Na hati ya polisi?

Jibu: Hanzai keireki shoumeisho, 犯罪経歴証明書.