Lamu au Mji Mkongwe: upi kwa nyumba za kale, muziki na fasihi?

Msafiri_wa_Kusi:
Wakuu, nina wiki moja ya likizo na nataka niikalie kwenye mji mmoja tu. Ninachofuata ni nyumba za kale, muziki na fasihi. Ufukwe si hoja. Nimebaki na Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja. Yote miwili ni urithi wa dunia wa UNESCO (Unguja 2000, Lamu 2001), kwa hiyo hilo halinisaidii kuamua. Mnaoijua yote miwili, nipeni mwanga.

FundiChokaa:
Kama ni nyumba, Lamu, na sisiti. Ila usiishie kupiga picha milango, ingia ndani. Nyumba za karne ya 18 ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Kadiri unavyozama ndani ndivyo nakshi za chokaa zinavyozidi, mpaka unakutana na ukuta mzima wa zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vyombo. Ukiwa njiani huoni kitu: ukuta mtupu, na daka, yaani ukumbi wa mlangoni, lenye baraza za mawe. Anzia makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili, halafu zunguka mitaani ukiwa unajua unachokitazama.

BintiNgambo:
Bwana Fundi, na Unguja je? Nyumba za Waomani zenye ua katikati, nyumba za Wahindi zenye duka chini na roshani za mbao juu, zote mtaa mmoja. Ni kweli Beit al-Ajaib, jumba la sultani Sayyid Barghash la 1883, iliporomoka sehemu Desemba 2020, na hilo bado linauma.

Lakini kwenye muziki msitutanie. Vikundi vya taarabu: Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958. Udi, kanuni, fidla, akodiani, dumbaki, vyote jukwaa moja. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alitoka hapa kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Huko Lamu usiku atasikia nini zaidi ya punda?

Mwamu_wa_Mkomani:
Atasikia kasida, dada yangu. Akija mwishoni mwa Mfungo Sita (Rabi al-awwal) atakuta Maulidi ya Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh, matari yanalia na watu wametoka pwani nzima. Na mpiga udi Zein l'Abdin ni mzaliwa wa Lamu, ingawa maisha yake ya muziki yalikuwa zaidi Mombasa. Nakubali lakini: anayetaka taarabu ya okestra, huku hataipata.

Ushairi ndio usiogusika. Tungo za kale kama Utendi wa Mwana Kupona na Al-Inkishafi zimetoka Pate, kisiwa jirani. Sayyid Abdallah, mtunzi wa Al-Inkishafi, anapoomboleza majumba ya Pate, anataja madaka ya ukutani yaliyokuwa yakipambwa sahani ambamo sasa ndege wanalala. Soma beti hizo, kisha kasimame mbele ya zidaka anazozisema Fundi. Halafu muulizie Muhamadi Kijumwa: mshairi, mnakili wa miswada, mwanamuziki na mchonga milango, mtu mmoja huyo huyo.

Msafiri_wa_Kusi:
Hapo kwa Kijumwa mmenigusa. Na riwaya je?

MlaVitabu:
Riwaya ni Unguja. Chukua Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi uisomee mle mle vichochoroni. Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel ya fasihi ya 2021, alizaliwa Unguja 1948. Anaandika kwa Kiingereza, ila riwaya yake Paradise sasa ipo kwa Kiswahili, inaitwa Peponi. Mimi ningempeleka mpenda tenzi Lamu na mpenda riwaya Unguja, bila kugombana.

FundiChokaa:
Mkuu, likizo yako ni mwezi gani?

Msafiri_wa_Kusi:
Februari. Naelemea Lamu, ila taarabu inanivuta.

BintiNgambo:
Februari ni mwezi wa Sauti za Busara, tamasha la muziki pale Ngome Kongwe. Wanamuziki wanatoka Afrika nzima, taarabu inakuwa sehemu tu, na vyumba vya kulala vinajaa mapema. Ukija kwa ajili ya taarabu, kwepa siku za tamasha na uwaulize wenyewe Culture siku zao za kupiga.

Mwamu_wa_Mkomani:
Ukiamua Lamu, ndege inatua Manda na unavuka kwa boti. Mizigo iwe myepesi: vichochoro vyetu havipitiki gari.