Kupima utumbo wa mtu ambaye haumwi: ni kazi ya daktari ama ni kupoteza pesa?

Mwalimu_Milimani: Watu wa Kisumu hebu tujadili hii. Kuna daktari anaitwa Sidney Winawer, profesa wa Memorial Sloan Kettering, hospitali ya kansa kule New York, miaka na miaka alishikilia swali moja: ukitoa kile kijinyama kinachoota ndani ya utumbo mkubwa kabla hakijageuka kansa, kansa itakuja ama haitakuja? 1993 yeye na wenzake wakatoa majibu, watu 1,418 waliotolewa vijinyama wakafuatiliwa, kansa iliyotokea ilikuwa chini kwa asilimia 76 hadi 90 kuliko ilivyotarajiwa. 2012 wakarudi kuhesabu vifo, vimepungua kama nusu hivi. Sasa daktari mhadhiri wa hapa kwetu akisema anataka miaka ishirini apime watu wasioumwa, kaunti imtengee pesa ama tumwambie arudi wodini? Mimi nasema atengewe.

Fundi_Kondele: Arudi wodini mwalimu. Watu wana kansa tayari, wanapanda matatu saa kumi usiku kutafuta matibabu Eldoret, wewe unataka daktari aanze kutafuta wale wazima? Na hiyo ya utumbo ni ya wazungu na vitu vyao vya makopo, sisi huku ni ugali wa mtama na mboga za kienyeji, utumbo wetu hauna neno.

NyarKibuye: Ugali wa mtama unaula wapi omera? Mimi nauza unga Kibuye, najua nyinyi mnanunua nini. Gunia la mtama linakaa mpaka wadudu wanaingia, lakini ile nyeupe ya pakiti, iliyotolewa makapi yote, inaisha kabla ya saa nne. Na mboga ya osuga mnasema ni chungu. Jioni kila kona ni chipsi na soseji halafu mtu anakuja hapa kujisifia mtama wa nyanya yake.

Fundi_Kondele: Kwangu tunakula mtama. Usinisemee nyumba yangu.

Intern_Wodi7: Fundi hajatoa hiyo hewani. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekaa Uganda karibu miaka ishirini, Lira kisha Mulago, alishangaa mbona kansa ya utumbo ni adimu huku na kwao Uingereza ni tele, akaandika 1971 kwamba siri ni makapi ya nafaka na mboga. Lakini 2000 Marekani walijaribu kwa watu kama elfu mbili, wakawapunguzia mafuta wakawaongezea matunda, mboga na nafaka zenye makapi, vijinyama vikarudi vilevile. Halafu 2015 Stephen O'Keefe, profesa wa Pittsburgh, akachukua Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa kijijini Afrika Kusini wakabadilishana chakula wiki mbili tu, na zile alama za hatari ndani ya utumbo zikabadilika pande zote mbili, Wamarekani zikawa nzuri, wale wa kijijini zikaharibika. Kwa hivyo chakula kina maneno yake ila usikifanye chanjo.

Jaber_wa_Mamboleo: Huyo Burkitt si ndiye yule wa uvimbe wa taya? Wanakuja, wanapiga picha watoto wetu, ugonjwa unaitwa jina lao, wanaenda zao. Hao watafiti wote ni hivyo tu.

Dani_Ahero: Dada hapo umenigusa pabaya. Ndugu yangu mdogo alikuwa na huo uvimbe, darasa la pili, jino lilianza kucheza kwanza tukadhani ni meno ya utoto, wiki mbili shavu limefika jichoni. Dawa ya dripu ndiyo ilimrudisha na leo ana boda yake. Kama Burkitt hangeingia kwa gari kuukuu 1961 akazunguka hospitali moja baada ya nyingine, zaidi ya kilomita 16,000, kuuliza nani ameona uvimbe kama huu, nani angejua unafuata kanda ya malaria kama hii yetu? Sema lingine lakini hilo usiseme.

Jaber_wa_Mamboleo: Pole Dani, sikujua. Lakini hoja ya jina bado iko.

Mama_Nyalenda: Nyinyi mnabishana majina, mimi nilipimwa utumbo mwaka juzi, ile kamera wanakuingizia kwa nyuma. Unapewa dawa ya kuosha tumbo, lita nne, chumvichumvi, unakunywa glasi baada ya glasi. Kwa ploti yetu choo ni kimoja, nyumba nane, kufuli moja, ufunguo umening'inia kwa msumari wa mama Atieno. Usiku ule nilikaa na ufunguo mkononi na ndoo kando ya mlango kwa sababu kuna dakika haungoji ufunguo. Daktari ananiambia kunywa mpaka itoke maji safi, hakuniuliza hata siku moja naenda wapi. Huyo mtafiti wa mwalimu aanze na hilo.

Mwalimu_Milimani: Asante mama, hilo sikuwa nimelifikiria. Hata Norway, Poland na Sweden, matokeo ya 2022, kwa kila watu mia walioitwa kamera walikuja 42 tu. Ndiyo maana kuna ile ya kuanza na kikopo, unachovya kijiti kwa kinyesi chako mwenyewe nyumbani, inatafuta damu ambayo jicho haioni, hunywi dawa, hata nyama huachi.

Fundi_Kondele: Na kikopo kikirudi na damu? Si ni kamera ileile? Sasa wacha niseme. Kaka yangu alitoa damu miaka miwili, kila mahali anaambiwa ni bawasiri, anapewa mafuta ya kupaka. Alipofika kwa kamera ilikuwa imeshika ini. Nililala chini ya kitanda chake wiki tatu. Ndio sababu nasema wodi, si eti nachukia masomo.

Mwalimu_Milimani: Pole sana Fundi. Lakini huyo kaka miaka miwili ile ndiye mtu ninayemsemea.

Fundi_Kondele: Yeye alikuwa anaumwa mwalimu. Wewe ulisema wasioumwa. Soma ulichoandika.

Intern_Wodi7: Fundi yuko sawa hapo, mtu anayetoa damu hangoji kupimwa kwa kikopo, anastahili kamera moja kwa moja, hata akiwa na miaka 30.

NyarKibuye: Mimi nina 47. Damu sijaona. Mama yangu alikufa na tumbo, hatukuwahi kuambiwa ni nini. Mimi ni wa kikopo ama wa kamera?

Intern_Wodi7: Mama alikuwa na miaka mingapi?

NyarKibuye: 44.

Intern_Wodi7: Nenda uonwe na daktari wiki hii mama, usingoje, na hiyo ya mama yako iwe kitu cha kwanza unamwambia.

Mama_Nyalenda: Ukiambiwa ni kamera nitafute. Shemeji yangu Migosi ana choo cha ndani, nitamwomba ulale huko.