Chumba cha chalii wa miaka 12: kitanda cha ghorofa, cha mbao au seti ya dukani?

MamaMoshono (Arusha)
Wakuu, habari za humu. Kijana wangu yupo darasa la saba, karibu anamaliza, na tumekubaliana ahame kutoka chumba anacholala na dada yake. Chumba kipo: futi 10 kwa 11, dirisha moja linatazama mashariki, dari ya jipsam, chini marumaru. Kabati la ukutani hakuna. Ukuta umeshapigwa skiming, rangi bado.

Mafundi na maduka niliyopita yamenipa njia tatu. Kitanda cha ghorofa cha chuma, juu analala, chini inakaa meza ya kusomea na rafu za vitabu. Au kitanda cha mbao, futi nne kwa sita, chenye droo kwa chini, meza pembeni, kabati litafuata Mungu akijalia. Au seti ya dukani ya MDF (zile mbao za unga na gundi): kitanda, kabati na meza vya rangi moja, kijivu na nyeupe. Hiyo imependeza kweli, na wanakuja kukufungia siku hiyo hiyo.

Mwenyewe anataka ghorofa, ukuta wote mweusi, na taa za mkanda zinazobadilika rangi. Baba yake anasema mtoto akienda bweni Januari chumba kitakuwa cha panya, tumwekee godoro tu basi. Mimi naona mtoto wa kiume naye anastahili pake pazuri, siyo kila siku tunahangaikia vyumba vya mabinti. Na likizo binamu zake wanashuka kutoka Machame, lazima pawe na pa kulaza mgeni. Mliopitia haya, lipi ni lipi?

SkweaPaipu (Arusha)
Dada, mimi ni fundi wa kuchomelea, kwa hiyo usinisikilize peke yangu. Ghorofa nzuri inazeeka na mwenye nyumba. Tatizo wateja wanauliza bei kabla ya kuuliza paipu. Nguzo nne za kusimama ziwe skwea paipu ya inchi moja na nusu, geji 16, ambayo unene wake ni kama milimita 1.5. Geji 18 ni kama 1.2, hiyo iishie kwenye vizuizi na rafu. Ukikuta nguzo zenyewe ni geji 18, kijana akifika form three kitanda kinaimba kila akigeuka.

Kizuizi kipimwe godoro likiwa limeshawekwa. Hapa ndipo watu wanapoumizana. Fundi anachomelea kizuizi cha inchi 10, mama anaenda kununua godoro nene la inchi 8 kwa mapenzi, kinabaki kizuizi cha inchi 2. Hicho ni pambo. Zibaki inchi 5 na zaidi juu ya godoro, pande zote, na upande wa ukutani usiachwe. Kwa hiyo huko juu ni godoro la inchi 6, hai densiti, yaani sponji iliyoshikana, na kizuizi kisipungue inchi 11. Vipandio vya ngazi viwe bapa, paipu ya duara inakata unyayo. Halafu funga kitanda ukutani kwa boliti, mtikisiko unakwisha.

Dari yako ina urefu gani? Pima kabla hujalipa chochote. Juu ya godoro zibaki kama futi 3, la sivyo kila akiamka anagonga jipsam.

MangiWaPasua (Moshi)
Mama Moshono, kwa baridi yenu ya Julai ghorofa ni sawa, huko juu atapata joto la bure. Huku kwetu usithubutu. Bati limechomwa na jua mchana kutwa, ni Februari, halafu mtoto umempandisha karibu na dari? Anaiva. Na nyumba nyingi za huku zina feni ya dari. Feni ya dari na ghorofa havikai chumba kimoja, mtoto akipiga magoti kutandika shuka, mkono uko kwenye mapanga.

Na hamjagusa chandarua. Sisi tupo jirani na majaruba ya mpunga ya Mabogini, mbu hawaombi ruhusa. Ghorofa unafunga wapi chandarua?

SkweaPaipu
Mangi, fremu ya chandarua inachomelewa na kitanda hicho hicho. Nondo nyembamba kila pembe, chandarua cha pembe nne kinavaa juu yake. Ila nakubali, akikaa chini kusoma usiku miguu yake ni chakula cha mbu.

SeremalaKiboriloni (Moshi)
Nianze na MDF, maana ndiyo inayomvuta dada. Inama uangalie miguu ya kabati la namna hiyo lililokaa mwaka kwenye nyumba inayopigwa deki kila siku. Ile karatasi ya juu imeachia pembeni, ndani mbao imevimba na kuwa laini, ukibonyeza kwa kidole inabonyea. Ni unga wa mbao na gundi, ikinywa maji haikauki ikarudi ilivyokuwa. Na skrubu ikishatoka kwenye tundu lake ukairudisha, haishiki tena. Kwa kijana anayejirusha kitandani kutokea mlangoni, utakuwa unamwita fundi kila likizo. Meza ya MDF inavumilika ukiipandisha kwenye miguu ya chuma. Kitanda hapana.

Kwa mbao, huku kaskazini tuna saiprasi na paini za mashamba ya West Kilimanjaro, zinatosha kabisa kwa kitanda cha kijana. Mninga ni heshima, lakini hela yake peleka kwenye godoro. Cha kuangalia ni ukavu. Mbao mbichi ni nzito, ya baridi ukiigusa, na ukiirandia leo, mwezi ujao droo haifungi. Angalia pia vitundu vidogo vyenye unga chini yake, hapo bungua ameshaingia. Omba zilizotiwa dawa.

Sasa nikuongezee njia ya nne. Achana na droo. Chini ya hicho kitanda weka kitanda kingine kifupi chenye magurudumu, kinavutwa mgeni akija na kinasukumwa akiondoka. Futi 3 kwa 6, godoro la inchi 4 au 5. Kitanda kikubwa futi 4, cha kuvuta futi 3, jumla 7, kwenye futi 10 unabaki na 3 za kupita. Binamu wa Machame amelala chini, hakuna anayepanda ngazi usiku.

MamaMoshono
Seremala umeniweka pabaya, nilikuwa nimeshaanza kuipenda ile ya kijivu. Dari nimepima, futi 9 kasoro kidogo. Kwa hiyo ghorofa inaingia, kwa kubana.

DogoNjiro
Naomba niseme kama chalii, mimi nina miaka 19, haya mambo yametoka kunipitia. Ghorofa ni raha ukiwa na miaka 12. Ukifika form two unaanza kuona kama unalala kwenye hema la watoto. Na hakuna anayewaza hili: washkaji wakija wanakaa wapi? Kitanda cha chini ndiyo kochi lenu. Ghorofa kila mtu anasimama mlangoni kama anasubiri hela ya kusagia.

Tunachotaka ni vitu vichache jamani. Mlango unaofungwa na watu wanaobisha hodi. Soketi karibu na kitanda. Meza pana, siyo kale ka meza ka shule. Na mzazi asichague picha za ukutani.

Weusi wa ukuta mpeni, ila ukuta mmoja tu, wa kichwani kwa kitanda. Vumbi la Chuga, Arusha hii yetu, mnalijua, kwenye weusi linaonekana lote.

BibiUsaRiver
Wajukuu, mmenichekesha. Mjukuu wangu mmoja baba yake alimpigia chumba kizima nyekundu na nyeupe, Simba hadi mapazia. Dogo sasa hivi ni Yanga wa kulia machozi, analala ndani ya Simba kila siku anasema anaadhibiwa.

MwlSakina (Arusha)
Kwa baba mtu, kwa heshima kabisa: mtoto wa bweni anarudi Juni na Desemba, na mapumziko mafupi katikati. Nimewaona wanaporudi. Anayekuta chumba chake kimejaa magunia ya mahindi na baiskeli ya mjomba anahama sebuleni, halafu mnalalamika TV haizimwi. Chumba kibaki chake hata asipokuwepo. Tengeni mapema sehemu ya kuweka tranka na ndoo, vinginevyo vitakaa katikati ya njia likizo nzima.

Meza iwekwe ubavuni mwa dirisha, siyo kulitazama wala kulipa mgongo. Kama anaandika kwa mkono wa kulia, mwanga utokee kushoto, kivuli cha mkono kisikae kwenye daftari. Usiku taa ya meza yenye mwanga mweupe. Hizo za mkanda ni za urembo, hazisomewi.

RolaNaBrashi
Kuhusu rangi, kabla duka halijakuuzia ndoo ya lita 20 usiyoihitaji. Kuta zako nne ukitoa mlango na dirisha ni kama mita za mraba 31. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini inakwenda kama mita 10 kwa mkono mmoja. Ukuta mmoja wa rangi nzito mikono miwili au mitatu, galoni moja ya lita 4 inatosha na chenji inabaki. Kuta tatu za rangi nyepesi, galoni mbili. Praima usiiruke, skiming inanywa rangi.

Chukua silki, ile yenye mng'ao kidogo, siyo ile isiyong'aa. Mpira utagonga huo ukuta, viganja vyenye mafuta vitaugusa, na silki unapitisha kitambaa chenye sabuni. Na kama plasta ni mpya, ipe wiki 4 ikauke, ukiharakisha rangi inatoka malengelenge.

MangiWaPasua
Na zile wolpepa za sponji zenye sura ya matofali? Naona vijana wanazipenda.

RolaNaBrashi
Zinapendeza kwenye picha. Masika ikija ukuta ukapata unyevu, pembe zinaanza kuchungulia, nyuma yake kuvu. Na zile za sponji zinashika moto haraka sana, sizipendi karibu na soketi wala mshumaa umeme ukikatika.

SkweaPaipu
Nyongeza ya umeme hapo hapo. Taa za mkanda ziwe na adapta yake, na adapta isifukiwe nyuma ya godoro wala pazia, inapata moto. Ekstenshini juu ya ekstenshini marufuku. Ni heri fundi avute soketi mbili mpya kwa waya wa milimita za mraba 2.5, ule wa 1.5 ni wa taa.

BibiUsaRiver
Kuhusu michoro ya ukutani, yule aliyekwama na Simba tulimsaidia hivi. Tuliwapata vijana wanaoandika maneno kwenye vifodi, hizi daladala zetu, wale wa herufi za mbwembwe. Tukakata plaiwudi nusu, futi 4 kwa 4, wakamchorea nembo anayoitaka na jina lake chini, ikafungwa ukutani kwa skrubu nne. Akihama timu, ubao unageuzwa unachorwa upande wa pili. Ukuta hauguswi.

DogoNjiro
Bibi umeua. Hiyo na mimi naitaka.

MamaMoshono
Nimemsomea yote mwenyewe, tukakaa naye mezani. Ghorofa ameiachia kwa shingo upande, ile hoja ya washkaji wakae wapi ndiyo iliyomlegeza, siyo ya mama yake. Kwa hiyo ni mbao, nne kwa sita, na cha kuvuta chini. Ukuta mmoja rangi nzito, kuta tatu nyeupe iliyochangamka kidogo. Meza ubavuni mwa dirisha. Ubao wa vifodi ameushangilia, anataka ramani ya Afrika na viwanja vya AFCON 2027, Kenya, Uganda na hapa kwetu. Baba yake amekubali kulipia meza, nadhani magunia ya mahindi yamemgusa.

Seti ya MDF nimeiaga. Kabati tutaanza na fimbo ya kutundikia nguo ya chuma, na tenga moja la nguo chafu lenye mfuniko, maana hizo soksi za mpira mnazijua.

Swali la mwisho. Marumaru ya kwetu Julai ni barafu. Zulia la manyoya au kapeti la plastiki?

MwlSakina
Kapeti la plastiki linateleza likilowa. Zulia dogo la nyuzi fupi mbele ya kitanda, la mitumba pale Kilombero unapata zuri, ila lifue na kulianika juani kabla halijaingia ndani. Manyoya marefu yanaficha kila kitu, kuanzia makombo ya chipsi hadi chaja.

SeremalaKiboriloni
Zulia lisizidi futi 3 upana, dada, magurudumu ya kitanda cha kuvuta yatalikunja. Na mbao nunua mwenyewe ukiwa na fundi, uzibebe hadi karakana yake, umpe hela ya ufundi nusu. Advansi ya mbao ukimkabidhi mkononi, mtaanza kuitana "njoo kesho" hadi kijana anamaliza form one.