Kuhamisha riwaya kutoka hati moja ya Word: Scrivener, au Markdown na Pandoc?

Mwandiko aliuliza:

Habari za humu. Riwaya yangu ina sura 42, maneno kama 140,000, yote ndani ya hati moja ya Word. Inachelewa kufunguka, kuhamisha sura ni kukata na kubandika, na folda imejaa nakala zinazoitwa "mwisho" na "mwisho2". Nawaza kuhamia Scrivener (programu ya kuandikia vitabu), au niandike kwa Markdown (maandishi matupu yenye alama chache za mpangilio) kisha nitoe .docx, yaani hati ya Word, kwa Pandoc, programu ya kugeuza faili kutoka muundo mmoja kwenda mwingine. Natumia kompyuta mbili, moja Windows, nyingine Linux. Mhariri anapokea .docx tu, maana anasahihisha kwa Track Changes, ile sehemu ya Word inayoonyesha kila sahihisho. Nihame vipi bila kupoteza kitu?

Mpangaji:

Scrivener iondoe mapema, haina toleo la Linux. Ni programu nzuri, ila mradi wake ni folda yenye faili nyingi za RTF. Ukiufungua kwenye mashine ya pili kabla huduma ya wingu haijamaliza kuzihamisha zote, mradi unavurugika.

Angalia kwanza kama kweli tatizo ni Word. Maneno 140,000 ni takriban megabaiti moja tu ya herufi. Mara nyingi kinacholemea hati ni picha zilizobandikwa, au mamia ya masahihisho ambayo hayajakubaliwa wala kukataliwa. Yamalize hayo. Kisha kila kichwa cha sura kipe mtindo wa Heading 1, usikikoleze na kukikuza kwa mkono. Fungua Navigation Pane kwenye menyu ya View: ukiburuta kichwa cha sura ya 17 na kukiweka kabla ya cha 12, sura nzima inafuata. LibreOffice Writer ina dirisha kama hilo, bonyeza F5. Watu wengi huihama Word bila kujua dirisha hili lipo.

Master Document ya Word (hati kuu inayounganisha hati ndogo) usiiguse. Ina sifa mbaya ya siku nyingi ya kuharibu hati ndogo zilizomo.

MaandishiMatupu:

Hiyo Heading 1 ni hatua ya kwanza hata kwa anayeenda Markdown, kwa sababu Pandoc hutambua sura kwa mtindo, si kwa ukubwa wa herufi. Ukishaiweka, andika amri hii kwenye terminal:

`pandoc riwaya.docx --wrap=none -t markdown -o riwaya.md`

Bila `--wrap=none` kila aya itakatwakatwa kwenye mistari mifupi. Na jihadhari: Pandoc, isipoambiwa vingine, hukubali masahihisho yote na kutupa maoni ya mhariri. Ukiyataka yabaki, ongeza `--track-changes=all`.

Gawa faili hiyo, kila sura na yake: 010.md, 020.md, hadi 420.md. Sufuri ya mbele inazuia ule mpangilio wa 1, 10, 11, 2. Kuruka kwa kumi kunakuachia nafasi, hivyo sura mpya kati ya 120 na 130 inaitwa 125 na hakuna faili nyingine inayobadilishwa jina. Kuunganisha, upande wa Linux:

`pandoc [0-9]*.md -o riwaya-mpya.docx --reference-doc=kiolezo.docx`

Kiolezo ni hati ya Word ambayo Pandoc huiga mitindo yake. Humo rekebisha mitindo miwili, First Paragraph na Body Text. Ukirekebisha mmoja tu, aya ya kwanza ya kila sura itatoka na mwonekano tofauti na nyingine.

Mitego ya riwaya hasa: mazungumzo yanayoanza na kistari na nafasi hugeuka orodha ya vitone, kwa hiyo tumia kistari kirefu (—) au alama za kunukuu. Aya inayoanza na "1990." hugeuka orodha ya namba, andika `1990\.` Nyota tatu kati ya matukio hutoka kama mstari mlalo, nazo zinahitaji `\* \* \*`. Ile alama ya ng' isikutie wasiwasi: amri ya kwanza hapo juu huinyoosha (’ inakuwa '), na .docx ikitoka inapindwa tena.

MezaYaMhariri:

Hayo yote ni sawa hadi siku unayotuma .docx kwa mhariri. Kuanzia hapo, hiyo .docx ndiyo muswada wenyewe. Funga folda ya Markdown, usiongeze humo hata koma. Anayeendelea kurekebisha Markdown huku mhariri akisahihisha .docx anabaki na miswada miwili, na kuilinganisha aya kwa aya ni kazi ya wiki kadhaa. Masahihisho ya Track Changes hayarudi kwenye Markdown kwa usafi. Yamalizie ndani ya Word au Writer.

Mwandiko:

Nimeelewa. Na rasimu za nyuma je, kwenye mashine mbili?

MaandishiMatupu:

Git, programu inayotunza historia ya kila badiliko kwenye faili zako. Hifadhi hatua moja (commit) kila unapomaliza kuandika, na ujumbe wenye maana: "Faili 120: nimeondoa barua". Kwa kuwa kila aya ni mstari mmoja, Git itaonyesha aya nzima imebadilika hata ukigusa neno moja. `git diff --word-diff` inaonyesha maneno yenyewe.

Windows na Linux humaliza mistari kwa alama tofauti, na hapo Git inaweza kudai faili nzima imebadilika. Weka faili ya `.gitattributes` yenye mstari huu:

`*.md text eol=lf`

Folda yenye Git usiiweke ndani ya folda inayosawazishwa na wingu. Faili zake za ndani zikifika nusunusu, hazina nzima, yaani folda pamoja na historia yake, inaweza kuharibika. Hamisha kwa `git push` (kupeleka) na `git pull` (kuvuta), vuta kabla ya kuanza kuandika. Nakala ya tatu weka kwenye diski ya nje, na ujaribu kuifungua kwenye mashine nyingine kabla hujafuta ile hati ya zamani ya Word.