Rotary wanataka kufanyia kikao chao cha lanchi shuleni kwetu na wanafunzi ndo wapike, tuwapokeeje?

Mwalimu wa Jikoni:
Wakuu habari za jioni. Nafundisha upishi kwenye sekondari ya amali, yaani hizi za mafunzo ya ufundi zilizoanza na mtaala mpya 2024. Sasa klabu moja ya Rotary ya mjini (wale wafanyabiashara na wanataaluma wanaojitolea kusaidia jamii) wameandika barua, kikao chao kimoja cha mchana badala ya hotelini wanataka wakifanyie kwetu, watu kama 25 hivi, na chakula wapike vijana wangu wa kidato cha pili. Mkuu wa shule keshaanza habari za maturubai, ngonjera na risala ya changamoto kurasa tatu, mimi nawaza menyu tu. Hawa watu kikao chao kinaendaje? Na msosi analipia nani maana stoo yetu naijua mwenyewe

Mzee wa Kengele:
Hongera mwalimu. Mimi ni mwanachama, klabu nyingine lakini. Cha kwanza muda, rais wa klabu anagonga kengele kufungua na anagonga tena kufunga, katikati hapo ni saa moja au na nusu yake, watu wana ofisi zao za kurudi. Wageni wanatambulishwa, matangazo, kuna kutozana faini za utani (umechelewa, simu imelia, umeonekana gazetini), halafu mzungumzaji mmoja. Ukiweka risala ya kurasa tatu na ngonjera juu yake pilau itapoa na hakuna atakayekumbuka kitu. Chakula klabu nyingi kila mtu analipia sahani yake, hata hotelini ni hivyohivyo, kwahiyo msione aibu kutaja bei.

Halafu watasoma yale maswali yao manne, ni kweli? ni haki kwa wote? italeta urafiki? itawafaa wote? Hayo yalitungwa 1932 na Herbert Taylor kule Chicago, alikabidhiwa kampuni ya sufuria za alumini ikiwa inakaribia kufilisika. Waambie vijana wako, ni stori ya jikoni kabisa hiyo

kapuku255:
Watakuja na bango, watapiga picha na watoto wamevaa aproni, wataahidi oveni, kwishnei. Nimeshayaona haya

Mzee wa Kengele:
@kapuku255 yapo hayo sibishi. Ndo maana nasema wasiombwe kitu siku hiyo. Wapewe huduma walipe, wakishiba wapitishwe karakana ya umeme na ushonaji dakika kumi tu. Kwenye klabu humo kuna wenye hoteli na makontrakta, na kijana wa fani akimaliza anachotafuta ni sehemu ya kwenda field, hiyo ni kubwa kuliko oveni. Huduma kupitia taaluma ni moja ya nguzo zao tano, hata Januari nzima wameitenga kwa hilo

Mama Ohio:
Mwl huku Marekani hilo ni jambo la kawaida sana, sekondari za ufundi nyingi zina mgahawa ndani ya shule, wanafunzi wanapika wanahudumia, raia wa kawaida wanaingia wanakula wanalipa, na vilabu vya Rotary au Lions wanakaa hapo na vikao vyao. Mwanafunzi akimwaga mchuzi anafuta anaendelea, mwalimu kasimama pembeni hata hasemi. Ushauri wangu usiwape walimu kazi ya kuhudumu kwa kuogopa aibu, waachie watoto, na waulize mapema nani hali nyama nani ana kisukari

Mwalimu wa Jikoni:
Asanteni sana, nimemwonyesha mkuu wa shule hizi meseji, risala imebaki nusu ukurasa (ngonjera kagoma kuitoa 😂). Menyu pilau kuku, maharage ya nazi, mchicha, kachumbari, tikiti. Swali la mwisho, hela ya manunuzi niombe kabla au nikope kwa mangi?

Mzee wa Kengele:
Usikope! Omba advansi nusu, ipite akaunti ya shule mhasibu akate risiti, isije ikaingia kwenye simu yako hata kama ni kwa nia njema. Na ile nusu ukurasa mpe mwanafunzi mmoja asimame aeleze sahani moja wameipigiaje hesabu, mchele kiasi gani, kuku, mkaa, wamepata bei hiyo vipi. Wafanyabiashara watamuuliza maswali mpaka kengele igongwe

kapuku255:
Hapo kwenye mkaa watamkaba 😂 ila sawa, lete mrejesho