Pointa yenye null ndani ya `unsafe`: kompaila ya C# inyamaze au ionye?

Mleta mada:
Wadau, tulijadili hili. Tangu lugha ya C# toleo la 8 itoke mwaka 2019, ukiwasha ukaguzi wa null (yaani "hakuna kitu") kompaila inakuonya unapotumia rejeleo linaloweza kuwa null. Ukishaingia ndani ya `unsafe`, sehemu ya msimbo inayoruhusu pointa (vigezo vinavyoshika anwani za kumbukumbu), pointa hazina ulinzi huo. `int*`, yaani pointa ya namba kamili, haina namna ya kutamka kwamba haitakuwa null, na alama ya `?`, inayosema kitu kinaweza kuwa null, haikubali kuwekwa hapo. Msimamo wangu: kompaila ionye kila pointa inapotumiwa bila kukaguliwa.

Wengi hudhani tatizo litaishia kwenye NullReferenceException tuliyoizoea, hitilafu ya kutumia kitu ambacho ni null. Haiko hivyo. Tuseme `p` ni `int*` na ina null. Kwenye Windows, ukisoma `p[0]` unagusa anwani 0. Mtambo wa .NET, unaoendesha programu za C#, unajua kwamba KB 64 za mwanzo ni eneo la null, hivyo unakurushia NullReferenceException na unaweza kuidaka. Sasa soma `p[20000]`. Kila int ina baiti 4, kwa hiyo umefika anwani 80000, nje ya eneo hilo. Hapo ni AccessViolationException, hitilafu ya kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa, na .NET ya sasa haikuruhusu kuidaka: programu nzima inakufa. Na afadhali ife, maana anwani hiyo ikiwa inatumiwa na kitu kingine, utasoma takataka na hesabu zitaendelea kama kawaida.

Mchangiaji:
Mkuu, aliyeandika `unsafe` na kuwasha AllowUnsafeBlocks (mpangilio unaoruhusu `unsafe`) kwenye mradi ameshakubali kubeba mzigo wake. Huko tunafuata kasi. Ukiweka ukaguzi kwenye kila mzunguko wa luupu, kasi yenyewe umeiua. Halafu mtu makini anajua pointa yake imetoka wapi.

Mleta mada:
Suala la kasi nakubaliana nawe, ndiyo maana naomba onyo la wakati wa kukompaili, ambalo haliongezi kazi yoyote programu inapoendeshwa. Ukaguzi wenyewe unatosha mara moja, mwanzoni mwa fankisheni, kabla ya luupu kuanza.

Hilo la umakini ndilo nalikataa. Tazama mstari huu, unaoipa `p` anwani ya kipengele cha kwanza cha safu `data`:

`fixed (int* p = data)`

`data` ni safu halali, si null, ila Length yake (idadi ya vipengele) ni 0. Matokeo yake `p` ni null. Mwandishi alishaandika `data != null` juu yake, na majaribio yote yalipita kwa sababu yalitumia safu zenye vitu. Siku faili tupu likiingia, `p` inapelekwa kwenye maktaba ya C inayosoma kipengele cha kwanza kabla ya kutazama urefu. Mtu huyo umakini wake ulipungua wapi? Anayetetea ukimya wa kompaila anioneshe ni kitu gani katika mstari ule kingemtahadharisha.