Ukoo wa Mzee Kombo: tumbo la Mjomba

Shangazi Zuhura: Asalaam alaykum. Nimetoka wodini. Mjomba wenu kidonda kimesafishwa, ila kutwa chembe ya moyo inamuwaka. Mafuta ya kukaangia yamemwagikia mapaja, tumbo linahusikaje?

Rehema: Waalaykum salaam, shikamoo shangazi. Linahusika sana. Ukiungua pakubwa, maji ya damu yanavuja, basi damu iliyobaki mwili unaikimbizia moyoni na kwenye ubongo. Tumbo linapunjwa. Ute wa kulilinda unapungua, tindikali inaanza kulila lenyewe. Daktari Curling wa London aliviandika vidonda hivi tangu 1842.

Idd: Nimesoma melatonini inazuia hiyo kitu. Ile ya usingizi. Marekani wanauza madukani bila cheti. Jamaa atume?

Rehema: Tulia kwanza 😂 Habari yenyewe si ya kutunga. Damu ikirudi tumboni inakuja na oksijeni, hapo zinazaliwa molekuli korofi zinazotafuna mafuta ya kuta za seli. Melatonini inazidaka. Tena utumbo wenyewe unaitengeneza, nyingi kuliko ya ubongoni. Panya waliounguzwa maabara wakadungwa melatonini, matumbo yao yaliharibika kidogo kuliko wenzao.

Mama Nasra: Masikini panya wa watu 😢

Idd: Si ndiyo hiyo sasa!

Rehema: PANYA, Idd. Mjomba anakunywa wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na melatonini inaweza kumzidishia kutoka damu. Aliyeungua anakingwa tumbo kwa maji ya dripu ya kutosha, chakula mapema, na dawa ya kupunguza tindikali kama omeprazo daktari akiona inafaa. Shangazi, kuna dawa yoyote amekunywa nje ya zile za wodini?

Shangazi Zuhura: Idd alimletea diklofenaki jana. Za maumivu.

Mama Nasra: Eeh!

Idd: Alikuwa analia jamani

Rehema: Hizo ndizo zinachubua tumbo, na wafarini juu yake! Asimeze nyingine. Mwambie sista SASA HIVI, usingoje raundi ya daktari. Choo chake kikoje? Cheusi kama lami? Ametapika damu?

Shangazi Zuhura: Kutapika hapana. Choo sijauliza, ananionea haya. Nipo getini narudi. Na huu uji wa ulezi nilioweka kwenye chupa?

Rehema: Muulize sista kwanza. Akikubali, mpe kidogo kidogo.

Idd: Shangazi zilizobaki zipo chini ya mto, upande wa ukutani